Simu Haijawa Chuo Kikuu

Ndugu vijana wa Omate, nanyi nyote wa parokia za Masisi na Walikale,

Maneno yanayosemwa siku hizi pembeni mwa mikutano yenu yametufikia, na hatuwezi kuyanyamazia. Inasemwa kwamba kijana wa kwetu hana haja tena ya kwenda Goma, Bukavu wala Kisangani kutafuta masomo ya juu. Kwamba chuo kikuu kimemfuata nyumbani na kuingia mfukoni mwake, na kilichobaki ni yeye kununua mega na kufungua simu. Wanaoyasema hayo wanagawa karatasi za rangi zenye picha ya msichana anayecheka mbele ya kompyuta, na chini ya picha ipo namba ya kupokelea pesa. Baadhi yenu wamekwisha kulipa. Wengine wanamtazama mbuzi wa mwisho wa mama yao na kupiga hesabu. Tunaandika kwa ajili ya hao, kabla mbuzi hajauzwa.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kusoma kwa mtandao si dhambi wala si uchawi, na sisi wenyewe, katika umri huu wa kuvaa miwani, tumesoma mengi kwa njia hiyo. Lakini chuo kinachopokea minervali ya mwanafunzi wa Omate, kisimwekee karibu naye chumba, wala umeme, wala mtu wa kumjibu, kinauza karatasi. Kijana ana haki ya kukinyima pesa zake mpaka kitimize wajibu huo, na parokia inapaswa kusimama upande wake.

Tunamfahamu binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika kilima cha wachimba dhahabu. Hatutamtaja, wala chuo chake hatutakitaja, maana kisa hiki kingeweza kutokea katika vyuo vingi. Alipata diploma ya Serikali katika sekondari ya ualimu, akafundisha miaka minne, akatamani shahada ya kwanza, akajiandikisha kwa simu. Kila Alhamisi alipanda mlima mwendo wa saa moja na nusu hadi kwenye mti ambapo mtandao unashika. Mnaijua miti ya namna hiyo. Chini yake husimama mnunuzi wa dhahabu anayeuliza bei ya siku, mama anayetafuta habari za watoto waliokimbia vita, na mwanafunzi aliyeinua simu juu ya kichwa chake kama anayemwinua mtoto apate kuona maandamano. Siku ya mtihani ilitangazwa kuwa ni saa tisa. Alifika saa nane na nusu, simu yake imejaa. Hakuna aliyewakumbusha wanafunzi wa mashariki kwamba saa tisa hiyo ilikuwa ya Kinshasa, ambayo kwetu ni saa kumi. Akasubiri, akifungua na kufunga ukurasa uleule, na mtihani ulipofunguka betri ilikuwa inakaribia kwisha. Alijibu maswali mawili kati ya matano. Simu ikazimika.

Aliandika mara kumi na moja kujieleza. Kila mara alijibiwa palepale, kwa maneno yaleyale, kwamba chuo kinamshukuru kwa kuwasiliana nacho. Baadaye ikaja hati ya kulipia kikao cha pili.

Tuulizane basi, binti huyu alikosa nini? Hakukosa akili, na miguu iliyopanda mlima ule kila juma haikuwa ya mvivu. Masomo yenyewe alikuwa nayo yote, yamelala ndani ya simu. Alikosa mtu mmoja mwenye jina, awezaye kusema: huyu namjua, alikuwapo kwa saa yake, mtihani wake urudiwe.

Sisi makatekista tunakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Katika Matendo ya Mitume yumo yule mtu mkubwa wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia, akirudi kwao kutoka Yerusalemu, amefungua kitabu cha nabii Isaya ndani ya gari lake. Alikuwa na usafiri, alikuwa na pesa, alikuwa na kitabu katika siku ambazo vitabu vilikuwa mali ya wachache. Alisoma kwa sauti na hakuelewa. Filipo hakumrushia kitabu cha pili. Alikimbia kandokando ya gari, akauliza swali, akaalikwa, akapanda, akaketi naye. Wauzaji wa masomo ya simuni wanatujazia vitabu garini, nasi tunawauliza Filipo wao yuko wapi.

Tusiisingizie simu, maana ugonjwa huu ni wa zamani kuliko simu. Yeyote aliyepita katika vyuo vya nchi yetu anaijua silabusi: maandishi ya profesa, yaliyonakiliwa mwaka hata mwaka, yanayouzwa kwa mwanafunzi, na ole wake asiyenunua wakati wa mtihani unapokaribia. Vijana wamenung'unika juu ya biashara hiyo tangu sisi tulipokuwa wanafunzi. Leo silabusi ileile imepigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, mingine imepinda, ikatumwa katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, na jambo hilo linaitwa maendeleo. Zamani walau palikuwa na asistenti aliyeketi nasi kufanya mazoezi, na tulimfuata mpaka nyumbani kwake tulipokwama. Huyo ndiye wa kwanza kuondolewa, kwa sababu silabusi haili wala haidai mshahara.

Mfumo mpya wa masomo umeuzidisha ugonjwa huo bila kukusudia. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimetakiwa kuingia katika utaratibu wa LMD, ambamo shahada ya kwanza huchukua miaka 3 na krediti 180, na ndani ya krediti hizo huhesabiwa pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe, bila profesa mbele yake. Mahali penye maktaba wazo hilo ni zuri. Kwetu, ambako kitabu kimoja husafiri kwa pikipiki siku mbili na kufika kimelowa, saa za kazi ya binafsi zimekuwa saa za kuachwa peke yako. Kisha anakuja mtu na kusema kwamba intaneti imeziba pengo hilo. Hajawahi kusimama chini ya mti wetu.

Tunajua jibu ambalo wengine wenu wameshaliandaa: wazee wanaogopa mambo mapya. Hapana. Rais alipofunga shule na vyuo mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, Radio Okapi ilirusha masomo hewani, na nyumbani kwetu tuliona faida yake kwa watoto waliosikiliza wakiwa na mkubwa wa kuwauliza maswali baadaye. Vita ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, wanafunzi wakatawanyika hata nje ya mpaka. Mwezi Machi mwaka uleule vita ikafika Walikale-kati. Katika siku hizo, kijana aliyeokoa simu aliokoa daftari zake zote. Anayedharau jambo hilo hajakimbia usiku. Kwa hiyo hatuna ugomvi na kusoma kwa mbali. Sisi ni watu wa mbali, hatuna namna nyingine.

Tena kusoma kwa mbali kulikuwapo kabla ya intaneti, na majirani zetu walikufanya kwa uzito kuliko wauzaji wa leo. Mwezi Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, Tanzania iliamua kwamba watoto wote waingie shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Waalimu hawakutosha, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwaandaa kwa wakati. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa katika shule za vijijini, wakawa wanafundisha saa chache kwa siku na kusoma saa zilizobaki, kwa masomo ya posta na ya redio. Lakini walikuwapo pia wakufunzi waliowazungukia shuleni, wakakaa nyuma ya darasa, wakasahihisha. Na mwisho vijana hao waliitwa chuoni kwa majuma kadhaa wakutane uso kwa uso. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, waalimu zaidi ya 35,000 walikuwa wamepatikana kwa njia hiyo. Watanzania wenyewe wamebishana sana juu ya ubora wao, na hatuna haja ya kuupamba mpango ule. Tunachokiona sisi ni kwamba nchi maskini, isiyo na kompyuta hata moja kijijini, iliona aibu kumwacha mwanafunzi na redio peke yake.

Nchi hiyohiyo ilianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza. Nacho hakikungoja mtandao wala hakikujifungia Dar es Salaam. Kilifungua vituo mikoani, ambako mwanafunzi anafika, anaonana na mhadhiri, anafanya mtihani wake akiwa ameketi kwenye kiti.

Upo mfano mwingine unaotugusa zaidi, kwa sababu ndani yake wamo ndugu zetu waliokimbia vita vyetu. Mwaka 2010, Wajesuiti walianza kutoa masomo ya chuo kikuu kwa mtandao katika kambi za wakimbizi za Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na Dzaleka, nchini Malawi, ambako Wakongo ni wengi kuliko taifa lingine lolote. Kazi hiyo leo inaitwa Jesuit Worldwide Learning. Maprofesa walikuwa ng'ambo ya bahari, na diploma ya kwanza ilitolewa na Regis University ya Denver, Marekani. Umbali gani unazidi huo? Na bado kambini palikuwa na jengo, kompyuta, mratibu na wasaidizi wa masomo, na wanafunzi walianza pamoja kama kundi moja linalojuana. Mkimbizi alitembea kwa miguu kwenda darasani ingawa mwalimu wake alikuwa Marekani. Ikiwa hilo liliwezekana katika vumbi la Turkana, msituambie kwamba haliwezekani Omate.

Benki ya Dunia ilikuwa imejaribu njia ya mkato. Mwaka 1997 ilianzisha kutoka Washington chuo kilichoitwa African Virtual University, kikarusha kwa setilaiti mihadhara ya maprofesa wa Amerika na Ulaya mpaka vyuo vya Afrika. Ilibidi makao yake yahamie Nairobi mwaka 2002, na chuo kijifunze upya kufanya kazi pamoja na waalimu wa Afrika badala ya kuwarushia masomo kutoka angani.

Turudi kwenye kazi yetu wenyewe, kuwaandaa waalimu, ambako jambo hili linatuuma zaidi. Mwaka jana kijana mmoja aliye katika staji alituletea fishi yake ya maandalizi, somo la kuota kwa mbegu, darasa la nne. Kifaransa chake kilikuwa safi bila kosa. Ndani yake wanafunzi walitakiwa kwenda kwenye bustani ya shule, kisha warudi kutazama filamu fupi ukutani. Shule aliyopangiwa tunaijua: watoto zaidi ya sabini katika chumba kimoja, wamekaa juu ya mbao, mlango ulichomwa kuni wakati wa wakimbizi. Bustani haipo. Ukuta wa kuonyeshea filamu nao una tundu. Tukamwuliza nani ameandika fishi hii, akainama: aliiomba mashine ya simu imwandikie, nayo ikamwandikia kwa sekunde chache. Hapo tukamwambia aweke simu chini, atueleze sisi jinsi haragwe linavyoota. Kijana huyu amezaliwa na wakulima wa Masisi. Alicheka kwanza, kisha akaeleza, akachora kwa kidole mavumbini, akasema kwa nini bibi yake halowanishi mbegu wakati wa mvua nyingi. Lilikuwa somo bora kuliko yote tuliyosikia mwaka ule. Mashine ilikuwa karibu kumpokonya kitu alichokijua vizuri, imwachie kitu kisichokuwapo.

Kwa hiyo anayetangaza kwamba atamfanya mtu kuwa mwalimu kwa simu peke yake, msimwamini hata kidogo. Mwalimu hutengenezwa mbele ya watoto, na nyuma ya darasa akiwapo mtu mzima anayeandika kwenye daftari, atakayemwambia jioni, bila kumwaibisha, kwamba msichana wa dirishani aliinua mkono mara sita na hakuitwa hata mara moja. Kamera ya simu haimwoni msichana yule.

Wakubwa watasema chumba, umeme na mkufunzi ni gharama, na Omate ni mbali. Mbali na nani? Wanunuzi wa dhahabu wanaifahamu njia. Kwa miaka mingi ndege zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, askari wakisimamisha watu wapishe, ili kasiterite ya Bisie ipakiwe kwenda Goma. Ndege iliyoweza kuondoka na mawe ingeweza kuja na sanduku la vitabu. Koltani ya Rubaya hutoa tantali inayotumika ndani ya simu, na bati la Bisie ni la aina inayounganisha nyaya zake ndogo. Inawezekana kabisa kwamba binti wa mti ule aliinua mkononi kipande cha Masisi na kipande cha Walikale, akitafuta mtandao usiofika Masisi wala Walikale.

Na Serikali nayo isijifiche. Katika mwaka uleule wa Covid-19, tulipoambiwa kwamba watoto wasome kwa simu, ilianza kukata kodi iliyoitwa RAM juu ya simu hizohizo, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti, ikichukuliwa katika salio la mtu. Wananchi walipiga kelele hadi ikafutwa mwaka 2022. Dola hizo zilikwenda wapi, wengine watauliza. Sisi tunasema tu kwamba katika vijiji vyetu hatujaona darasa lililojengwa nazo.

Mambo mengine yamefunguka. Mwezi Mei 2025 nchi yetu iliipa Starlink leseni, baada ya kuikataza mwaka uliotangulia, na leo hata porini mtandao unaweza kushuka kutoka angani bila mnara. Bei yake si ya mtoto wa mkulima. Lakini ni bei ambayo kundi la watu thelathini wakiwa na chumba kimoja wanaweza kuibeba, na hapo ndipo tunapotaka mfike. Kila kijana na simu yake juu ya mlima wake ni soko zuri kwa muuzaji. Vijana thelathini katika chumba kimoja ni watu wa kuheshimiwa. Ombeni ukumbi wa parokia kwa siku ambazo hautumiki. Paneli mbili za sola na kompyuta moja iliyowekewa masomo yote ndani yake, isiyohitaji intaneti kila saa, zitawafikisha mbali kuliko mega za kununua kila juma. Mtafuteni mwalimu mstaafu wa kijiji, mumpe kiti cha mbele. Jiandikisheni pamoja, katika chuo kimoja, fani moja, msitawanyike kama kondoo, na kabla ya kutuma franka moja kiandikieni chuo hicho barua yenye majina yenu yote: mkufunzi wetu ni nani, atafika kwetu mara ngapi kwa mwaka, mtihani utafanyikia wapi, na kwa saa ya wapi. Chuo kinachojibu swali la mwisho hilo kwa uangalifu kimekwisha kuwafikiria. Kisichojibu, mwacheni mbuzi wa mama aendelee kula majani.

Kwa baba paroko na kwa halmashauri za walei tuna neno moja la ukali, watusamehe. Ukumbi unaofunguliwa kwa arusi na mikutano ya wanasiasa, kisha ukafungwa kwa kufuli siku tano za juma wakati vijana wanasoma chini ya mti, una deni kwa vijana hao. Ufunguo mmoja wapewe wao.

Binti yule amelipia kikao cha pili. Tulimshauri asilipe, akasema miaka yake haimngojei. Mtihani ni Alhamisi ijayo, saa tisa ya Kinshasa. Mkurugenzi wa shule amemwazima betri ya gari, na vijana wawili wa parokia wameahidi kumbebea hadi juu ya mlima.